Wasomaji Wanauliza: Uhakiki Mzuri wa Gemu ni Upi?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Morogoro, napenda sana gemu, na nimeanza kuwaandikia wenzangu uhakiki wa zile ninazozicheza. Kila mara wananiambia kwamba nimesimulia hadithi yote ya gemu halafu nikatoa alama 8 kati ya 10, na kwamba bado hawajui kama wainunue au waiache. Je, uhakiki mzuri ni upi, na alama zina kazi gani?

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Wenzako wamekwambia kweli, ingawa huenda hukuipokea kwa furaha. Mtu anayefikiria kutoa fedha zake hana haja ya kujua ni nani aliyemsaliti mfalme katika sura ya mwisho, na pengine atakukasirikia ukimwambia. Anachotaka kujua ni namna gemu hiyo itakavyofanya kazi katika mashine aliyonayo yeye, itamdai nini, na itampa raha ya aina gani. Kwa hiyo katika aya ya kwanza kabisa weka mazingira ya uchezaji wako: ulitumia mashine gani, ulicheza kwa saa ngapi, ulifika wapi, na kama gemu uliinunua au ulipewa bure na kampuni.

Huenda hayo yakaonekana kuwa taratibu tu za kiofisi. Yatazame basi kupitia Cyberpunk 2077, gemu ya kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, iliyotoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake, na katika uhakiki wao wa awali hawakuruhusiwa kuonyesha video walizozirekodi wenyewe, bali zile zilizotolewa na kampuni. Wengi waliisifu sana, na kwa mwenye kompyuta yenye nguvu sifa hizo hazikuwa za uongo, japokuwa wapo waliotaja kasoro. Lakini walioinunua kwa ajili ya PlayStation 4 na Xbox One, mashine zilizoingia sokoni mwaka 2013, walikuta picha zinakwama, sura za watu zinachelewa kutokea, na gemu inajizima yenyewe katikati ya mchezo. Kabla mwezi haujaisha, Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, iliiondoa katika duka lake la mtandaoni na kuwafungulia wanunuzi mlango wa kurejeshewa fedha, na haikurudi humo hadi Juni 2021. Mhakiki aliyeandika waziwazi kwamba amecheza katika kompyuta na kwamba toleo la PlayStation 4 hajaliona alimlinda msomaji wake. Aliyetoa alama tupu hakumlinda. Nasi ambao wengi wetu hucheza katika mashine za mtumba au katika simu tuna sababu kubwa zaidi ya kudai maelezo hayo.

Baada ya hapo inakuja kazi yenyewe, nayo ni kueleza uchezaji, na hapa ndipo wengi hushindwa. Huandika kwamba gemu ni tamu, picha ni kali na udhibiti ni mwepesi, maneno ambayo unaweza kuyabandika kwenye gemu yoyote duniani bila kubadilisha hata nukta. Chukua Celeste, gemu ndogo ya mwaka 2018 ambamo msichana aitwaye Madeline anapanda mlima. Ni ngumu, utakufa mara nyingi mno, na bado wachezaji wengi hawaoni kwamba inawaonea. Sababu mojawapo ni kwamba ukichelewa kidogo kubonyeza kitufe cha kuruka, mguu wa Madeline ukiwa umeshatoka ukingoni, gemu bado inakukubalia kuruka kwa muda mfupi sana, chini hata ya sekunde moja. Mchezaji halioni jambo hilo, ila analihisi. Ukiligundua, usiandike kwamba udhibiti ni mzuri, andika, kwa mfano: "Mara nyingi nilidhani nimechelewa kuruka, na bado nikafika ng'ambo, nilipoanguka nilijua kwamba kosa ni langu." Taja pia kwamba imo sehemu ya msaada inayomruhusu mchezaji kupunguza kasi ya mchezo au hata kutokufa kabisa, kwani kwa mtu mwenye ulemavu wa mkono sentensi hiyo moja ndiyo itakayoamua kama ainunue.

Alama zenyewe sina ugomvi nazo, ila nakuomba usizipe heshima zisizostahili. Tovuti ya Metacritic hukusanya alama za wahakiki na kutoa wastani, na wastani huo umewahi kugusa mifuko ya watu: studio ya Obsidian, iliyotengeneza Fallout: New Vegas ya mwaka 2010, iliahidiwa bonasi iwapo wastani ungefika 85, ukaishia 84, nayo ikaikosa. Sijui ni mhakiki gani angeweza kukueleza tofauti ya 84 na 85. Ukitaka kutoa alama, itoe mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba aliyeisoma makala bila kuiona alama hiyo ameshaelewa msimamo wako.

SWALI: Je, ni lazima mhakiki aimalize gemu kabla ya kuiandika? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Si lazima, na gemu za mpira wa miguu au za kupigana mtandaoni hazina hata mwisho wa kuufikia. Lililo la lazima ni kusema umefika wapi, na kutohukumu mwisho ambao hukuuona.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mombasa, nao wanacheza gemu za bure kwenye simu. Kitu kikiwa ni cha bure, uhakiki wake una faida gani?

JIBU: Mama, gemu ya bure ndiyo inayohitaji uhakiki mkali zaidi, kwa sababu bei yake imefichwa ndani. Mhakiki mwangalifu atakwambia inakula bando kiasi gani kuipakua na kuisasisha, matangazo hujitokeza baada ya muda gani, na kinachouzwa ndani ni mavazi ya mapambo tu au ni nguvu za kumshinda asiyelipa. Akiona masanduku ya bahati nasibu, ambayo mtoto hulipia bila kujua atapata nini, ayataje kwa jina. Ubelgiji mwaka 2018 ilitamka kwamba masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya gemu yanavunja sheria zake za kamari.

Tazama pia tarehe ya uhakiki, maana duka la ndani linaweza kufunguliwa baada ya wahakiki kuondoka. Crash Team Racing Nitro-Fueled, gemu ya kulipia ya mashindano ya magari, ilitoka Juni 2019 ikapokewa vizuri. Agosti mwaka huohuo kampuni ya Activision ikaanza kuuza sarafu za ndani ya gemu kwa fedha halisi. Uhakiki wa Juni haukuwa na namna ya kuyajua hayo, na usiporekebishwa, mzazi anayeusoma leo atadhani hakuna kinachouzwa humo. Mhakiki wa kuaminika hurudi, huongeza maelezo juu ya makala yake ya zamani, na huandika tarehe aliyoyaongeza.