Kabla hujamwita fundi wa biogesi, pima ndoo zako

Tangu Serikali izindue mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ule unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, simu za kuulizia biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na samadi, zimeongezeka. Karibu zote huanza na bei. Mtambo wa mita sita za ujazo unakwenda shilingi ngapi? Na wa mita tisa je? Nami huuliza: asubuhi ya leo umezoa samadi ndoo ngapi bandani? Hapo mtu hunyamaza, na wengine hukasirika wakidhani nakwepa swali. Kazi yangu ni kukagua na kupima mitambo ya wafugaji, zaidi huku Hai, Rombo na Arumeru, na mitambo mingi niliyoikuta imesimama haikusimama kwa sababu ya saruji mbovu. Ilikufa njaa.

Kwa hiyo tufanye hesabu, ni fupi. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani hutoa samadi ya kuzoleka kilo 10 hadi 15 kwa siku. Wa kienyeji anayeshinda malishoni hukuachia nusu ya hapo, pengine pungufu, maana nyingine ameshaimwaga njiani. Kilo moja ya samadi mbichi hukupa lita 35 hadi 40 za gesi. Sahani moja ya jiko la biogesi hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Mwenye ng'ombe wawili wa ndani, tuseme kilo 25 kwa siku, atapata gesi ya lita 900 hivi. Hizo ni saa mbili na nusu za moto wa sahani moja. Chai ya asubuhi imo, ugali na mboga vimo, maji ya mtoto kuoga yamo. Makande ya mahindi makavu hayamo.

Mama mmoja wa Machame alinipokea kwa maneno haya: "Mwanangu, gesi yenu inakwisha maharage bado magumu." Mtambo wake haukuwa na tatizo lolote. Aliahidiwa tu kwamba akishajenga ataaga kuni moja kwa moja. Tulichokubaliana ni kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria, na siku ya makande kurudi kwenye mafiga bila kujilaumu. Anayekuuzia biogesi kwa kukuambia hutagusa kuni tena hajawahi kupika kiburu, ndizi na maharage vya Wachaga, cha watu kumi.

Ukishajua ndoo za samadi, nenda kwenye ndoo za maji. Mtambo wa kawaida unataka maji sawa na samadi, kwa hiyo kilo 25 zinahitaji lita 25, na mchanganyiko wote ni lita 50 kwa siku. Huo unapaswa kukaa ndani siku 50 hivi ili vijidudu vimalize kazi, navyo ni vilevile vinavyoishi tumboni mwa ng'ombe. Lita 50 mara siku 50 ni lita 2,500, yaani mita mbili na nusu za ujazo. Ongeza nafasi ya gesi, unapata mtambo wa mita nne za ujazo. Fundi akikushauri mita tisa kwa ng'ombe wawili, mwulize ndoo nyingine zitatoka kwa nani. Ila kama unaishi juu mlimani, au Lushoto, au Njombe, mita sita si ufujaji. Vijidudu hivi hupenda joto la nyuzi 35 au karibu na hapo, na baridi ya Juni na Julai huvifanya vizubae, hivyo vinahitaji siku nyingi zaidi kusaga kiasi kilekile.

Na maji hayo anayateka nani? Kama bomba liko uani, vizuri. Kama ni mama au watoto wanaoshuka mtoni, basi umewaongezea safari kila siku ya Mungu, na ndani ya miezi michache watapunguza ndoo kimyakimya. Tope litakuwa zito, litaganda juu, gesi itapungua, kisha lawama zitamwendea fundi. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji, kwa hiyo sakafu ya banda isakafiwe vizuri na iwe na mteremko kuelekea chemba ya kuchanganyia. Kwa maeneo makavu, CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini pale Arusha, walibuni mtambo unaokubali samadi nzito na maji kidogo. Wapo mafundi waliofundishwa kuujenga, watafute.

Kwa kuwa nimewataja, ngoja nikae hapa kidogo, maana ndani ya kuba yao, yaani mtambo wa mviringo kama chungu kilichofunikwa, kuna ufundi ambao wengi wanaukalia bila kuujua. Biogesi ililetwa vijijini kwetu na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, miaka ya 1970 kwa mitambo yenye pipa la chuma linaloelea juu ya tope. Pipa lilikuwa ghali na lilikula kutu. Miaka ya 1980 CAMARTEC, wakishirikiana na GTZ, shirika la Wajerumani la misaada ya kiufundi, wakahamia kwenye kuba ya tofali inayofukiwa ardhini. Kuba nayo ina ugonjwa wake. Tofali huvumilia kubanwa, lakini haivumilii kuvutwa, na sehemu ya chini ya kuba husukumwa kwenda nje kiasi kwamba tofali zake zinavutwa. Hapo ufa huanza na kupanda wima, na ukifika juu ilipo gesi, mtambo umekwisha.

Wahandisi wale hawakujaribu kuzuia ufa kwa kumwaga saruji nyingi zaidi. Waliuchagulia mahali pa kutokea. Theluthi ya chini ya kuba waliweka mkanda dhaifu kwa makusudi, na juu yake mkanda imara unaobeba sehemu ya juu kama msingi wa pili. Ufa ukipanda kutoka chini unakutana na ule mkanda dhaifu na kuishia hapo, chini ya chumba cha gesi, mahali penye tope tu ambapo hauna madhara. Nimeona mafundi wanaoruka mkanda huo wakisema wanamwimarishia mteja mtambo, wanaweka mchanganyiko mkali toka chini hadi juu. Ukisikia maneno hayo, simamisha kazi. Mwambie afuate mchoro.

Malipo ya mwisho yasubiri kipimo. Usikubali "itajiziba yenyewe ikishajaa samadi." Jaza maji mtamboni mpaka midomo ya chemba zote mbili, ya kuingizia na ya kutolea, izibwe na maji, funga koki ya gesi, endelea kujaza hadi hewa iliyonaswa juu ianze kubanwa. Unganisha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, uliopindwa mfano wa herufi U na kutiwa maji, halafu weka alama kwenye kimo cha maji hayo. Rudi kesho saa ileile. Saa ileile nasisitiza, kwa kuwa hewa hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na fundi mjanja atakuletea kisingizio cha baridi. Kimo kikiwa kimeshuka sana, plasta ya ndani haijakamilika. Viungo vya bomba vipimwe kwa povu la sabuni.

Sasa tope. Hapa ndipo wengi wanamwaga pesa korongoni, na kama ungenilazimisha kuchagua, ningejenga mtambo kwa ajili ya bioslari, yaani tope hili linalotoka mtamboni baada ya kutoa gesi, na kuihesabu gesi kuwa nyongeza. Kinachotoka kama gesi ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu karibu zote zinabaki, na sehemu kubwa ya naitrojeni inakuwa katika hali ambayo mmea unaifyonza haraka. Tatizo ni kwamba hali hiyohiyo inaruka hewani haraka. Ukilianika tope juani mpaka likauke ndipo ulibebe, umebaki na makapi. Lielekeze kwenye mfereji kati ya migomba na ulifukie udongo jioni hiyohiyo, au chimba mashimo mawili yenye kivuli, ulichanganye na majani ya migomba, mabua na masazo ya mabingobingo, shimo moja likiiva unajaza lingine. Kwenye mboga, weka shinani, usimwagie majani. Joto la ndani ya mtambo haliui mayai yote ya minyoo, na kachumbari haipikwi.

Usiniamini mimi, wala afisa ugani, wala picha za mtandaoni. Chukua matuta yako ya mahindi au kabichi, moja lipate bioslari, la pili samadi ya kawaida, la tatu lisipate kitu, mbegu iwe moja na siku ya kupanda iwe moja. Usiyapange kwa kufuata mteremko, maana tuta la bondeni hushinda kwa maji tu. Rudia utaratibu huo sehemu mbili tatu za shamba, pima mavuno kwa mzani. Udongo wa volkano wa Moshi na kichanga cha Handeni havitakupa jibu moja, na jibu unalohitaji ni la kwako.

Bioslari ni maji zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo lita 100 ni kilo 100, na hakuna namna ya kuzipunguza. Jenga kwa mteremko: banda juu, mtambo katikati, shamba chini. Ukiukosa mteremko utaanza kusafirisha, na hapo nimeona mambo ya kutisha. Vijana wanafunga pipa kubwa nyuma ya bodaboda, limejaa nusu ili liwe jepesi. Pipa la nusu ni hatari kuliko lililojaa. Kwenye kona, tope linahamia upande wa nje wakati dereva anaegemea ndani. Akifunga breki kwenye mteremko linakuja mbele lote kwa pamoja, na usukani unakosa utii. Kama ni lazima bodaboda, tumia madumu ya lita 20 yaliyojaa hadi mdomoni na kufungwa kwa nguvu, idadi sawa kila upande, yaning'inie chini karibu na ekseli ya nyuma. Mkokoteni au guta ni bora zaidi. Masika, kwenye njia za udongo mwekundu za huku kwetu, hata hayo madumu yasubiri.

Mambo machache ya kila siku, haraka haraka. Moto ukirukaruka, kuna maji ndani ya bomba, fungua koki ya kutolea maji pale bomba lilipo chini kabisa. Moto ukiwa wa njano, ongeza hewa kwenye jiko. Ng'ombe akichomwa dawa za antibayotiki, samadi yake isiingie mtamboni mpaka siku za dawa ziishe, na maji ya sabuni ya kuoshea banda yapite njia nyingine. Gesi ya kwanza kabisa baada ya kujaza mtambo huwa imechanganyika na hewa, iachie nje mahali pa wazi, bila moto wala sigara karibu. Usiwashe kiberiti kwenye bomba la mtambo kujaribu kama gesi ipo. Jaribu jikoni.

Na usiingie ndani ya mtambo. Hata ukiwa mtupu, hata kwa dakika moja, hata kama koleo la bei limedondokea humo. Ndani hakuna oksijeni ya kutosha, na katika biogesi mna gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo, ikiwa nyingi, hufisha pua kwanza, kwa hiyo mtu anadhani imeisha kumbe ndiyo inamzidi. Anaanguka, wa pili anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Kazi ya kuutapisha na kuupepeta hewa ni ya watu wenye vifaa, wakiwa na mwenzao nje ameshika kamba.

Mwisho kuna wanaouliza jenereta, hasa wakitaja Hale. Ni kweli, kule Hale wilayani Korogwe kampuni ya Katani, kwa msaada wa UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, ilijenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge, na mwaka 2008 ukazinduliwa. Lakini angalia hesabu ya pale. Katika jani la mkonge nyuzi hazifiki asilimia 5, kinachobaki chote ni taka yenye majimaji, nayo inakusanyika mahali pamoja, kwenye mashine, bila mtu kuizoa. Wewe una lita 900. Mita moja ya ujazo ya gesi, yaani lita 1,000, kwenye jenereta ndogo hukupa uniti moja na nusu ya umeme hivi, kwa hiyo siku yako nzima haifiki hata hapo, na jioni mtalala bila kupika. Juu ya hayo, ile gesi ya mayai viza inakula injini usipoipitisha kwenye vyuma chakavu vyenye kutu vya kuichuja. Kwa ng'ombe wawili pikia gesi, na taa nunua ya sola.