Dubu mweusi mawindoni: mwogope yule aliye kimya

Mwindaji hodari hujizoeza kufanya karibu kila jambo ambalo mtembezi wa kawaida hukatazwa kufanya katika misitu yenye dubu. Hunyata, hukabili upepo ili harufu yake isimfikie mnyama, huvaa rangi ya majani, huingia porini kabla ya mapambazuko na kutoka gizani, mara nyingi peke yake. Ndiyo maana wanaowinda kulungu Marekani na Kanada hujikuta karibu mno na dubu mweusi, naye hana habari kwamba kuna mtu. Kwa msemaji wa Kiswahili aliyehamia jimbo la Maine, Marekani, au kwingineko na anataka kuanza kuwinda, haya ni ya kujua kabla ya kununua hata mshale mmoja.

Msimu wa kulungu huangukia wakati dubu ana njaa kuliko wakati wowote. Majira ya vuli, kabla ya kuingia pangoni kulala wakati wa baridi, anaweza kula hadi saa 20 kwa siku. Chakula chake kikubwa ni mbegu za mwaloni, na kulungu naye anazitaka hizohizo. Ukiweka dungu lako, yaani jukwaa la kuvizia juu ya mti, karibu na mwaloni uliozaa sana, tarajia wageni wa aina mbili. Angalia matawi yaliyovunjwa juu ya mti, magogo yaliyopasuliwa kutafuta sisimizi, na mavi yaliyojaa maganda. Vilevile kipenga cha kuiga mlio wa mtoto wa kulungu humwita dubu. Ukikitumia, kaa umeegemea mti mnene, mbele yako pawe peupe.

Mtambue kwa umbo, kwa kuwa rangi inadanganya. Dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia, hata wa rangi ya mdalasini. Binamu yake grizli, aina ya dubu wa kahawia, ana nundu mabegani, uso uliobonyea kati ya macho na pua, na kucha ndefu zilizonyooka kiasi. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, masikio yamesimama zaidi, na kucha zake ni fupi zilizopinda. Jimbo la Montana linamtaka anayeomba kibali cha kuwinda dubu mweusi afaulu kwanza mtihani wa kuwatofautisha hawa wawili. Tofauti hii pia ndiyo itakayoamua utafanya nini ukishambuliwa.

Sasa kiini cha mambo. Dubu mweusi anayepuliza pumzi kwa nguvu, anayegonganisha meno, anayepiga ardhi kwa mguu, hata anayekukimbilia kisha akasimama ghafla, ni dubu mwenye hofu. Anakuomba nafasi. Mpe. Usikimbie, maana mbio zake hufikia karibu kilomita 50 kwa saa, na usipande mti, kwa sababu anapanda kuliko wewe. Zungumza kwa sauti ya chini, rudi nyuma polepole kwa upande ukimwangalia, umwachie njia ya kutokea. Ukiona watoto wa dubu juu ya mti, ondoka kwenye mti huo mara moja; mama kwa kawaida hutisha tu, mradi usisimame kati yake na wanawe.

Wa kuogopwa ni yule asiyetoa sauti: anakufuata, anazunguka, anasogea huku amekukazia macho, ukihama naye anahama. Mtafiti Stephen Herrero wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, na wenzake walichunguza vifo 63 vilivyosababishwa na dubu weusi wa porini kati ya 1900 na 2009. Katika asilimia 88 ya matukio hayo dubu alikuwa akimwinda mtu, na karibu wote waliofanya hivyo walikuwa madume. Kwa dubu wa namna hiyo upole haufai. Simama wima, piga kelele, rusha mawe, kaeni pamoja kama mko wengi, tayarisha silaha. Akikugusa, pigana kwa chochote ulicho nacho, ukilenga pua na macho. Kujifanya umekufa humsaidia mtu aliyeshambuliwa na grizli anayejihami. Kwa dubu mweusi ni kumpa mlo.

Dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu inafaa kuwa kiunoni au kifuani, kamwe si ndani ya begi. Chagua kopo la gramu 225 au zaidi lililotengenezwa mahususi kwa dubu, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Toa kizuizi cha usalama, lenga chini kidogo ya kichwa, na anapofika kama mita 9 puliza kwa sekunde mbili ili apitie ndani ya wingu. Upepo ukikukabili, dawa hufika karibu zaidi na nyingine hukurudia machoni. Usiipulize kwenye hema wala nguo: mabaki yake huwavuta dubu badala ya kuwafukuza.

Ukiwa dunguni, dubu anayepanda mara nyingi ni mdadisi. Sema naye, gonga sakafu kwa buti, ajue wewe ni mtu. Usifungue mkanda wa usalama wala kushuka akiwa bado chini.

Hatari hurudi tena ukishaangusha mnyama, kwa kuwa harufu ya matumbo husafiri mbali. Pasua haraka, uhamishe nyama mita 100 au zaidi kutoka kwenye matumbo. Isipobebeka yote, itundike angalau mita 3 juu ya ardhi na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina, mahali unapoweza kupaona kwa mbali. Ukiirudia, fanya kinyume cha kuwinda: pitia upande ambao upepo utatangulia na harufu yako, ukizungumza kwa sauti, na usimame kwanza uangalie kwa darubini. Ukikuta dubu ameshaitwaa, mwachie, kisha utoe taarifa kwa idara ya wanyamapori. Sheria za kujitetea zinahusu uhai wako. Usizitegemee kumpiga risasi dubu kwa ajili ya paja la kulungu.