Chemsha siku moja, unga siku nyingine

Mama yangu ni Mpare wa Same, baba yangu ni mtu wa Pangani. Kwa hiyo nyumbani kwetu Tanga sufuria moja ilibeba koo mbili: mahindi na maharage ya mlimani, nazi ya pwani. Bibi mzaa baba alipoonja makande ya mkwewe kwa mara ya kwanza aliuliza, "Sasa mwanangu, nazi iko wapi?" Tangu hapo makande ya nyumbani Tanga hayakupikwa tena bila tui. Nimelelewa kwa makande hayo, na leo ndiyo ninayowapikia wanangu watatu hapa Dar es Salaam.

Kazini kina mama wenzangu wana kilio kimoja: jioni hakuna muda wa kupika chakula cha maana. Nakijua kilio hicho. Kwa karibu miaka miwili, kila nilipotoka kazini nilishuka kituoni nikapitia kibandani kuchukua chipsi mayai. Watoto walikula, walishiba. Lakini hakukuwa na sinia, hakukuwa na bakuli la kupokezana, kila mmoja alikaa kivyake na mfuko wake. Hilo liliniuma kuliko pesa nilizokuwa natumia.

Kisha mama alikuja kukaa nasi wakati wa masika. Jioni moja mvua ilininyeshea njia nzima, nikafika nimelowa chepechepe, nikakuta wali wa nazi, maharage na mchicha vimeshapakuliwa. Mwanangu wa mwisho, ambaye kumlisha ni kazi, alikuwa anagombania ukoko na dada yake. Nikamuuliza mama alianza kupika saa ngapi. Akasema, "Maharage nilichemsha juzi. Leo nimeunga tu."

Maneno hayo yalinifungua macho. Utotoni niliona chakula kikiiva jioni, sikuona kazi iliyofanyika kabla. Kinachokula muda ni kuchemsha. Kuunga ni dakika ishirini. Ukizitenganisha kazi hizi mbili, vyakula vyote vya mama zako vinawezekana hata siku ya kazi.

Mimi huloweka kilo moja ya maharage Jumamosi usiku. Asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya, nayaacha yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kupunguza moto. Usiiruke hatua hiyo, hasa kwa maharage mekundu. Mabichi yana sumu inayosumbua tumbo, na moto wa chini peke yake hauiondoi. Kwenye presha kuka yaliyolowekwa huiva kwa kama nusu saa. Kwenye mkaa ni saa moja na nusu au mbili, zaidi kama ni ya zamani. Nyanya na ndimu visubiri mpaka yawe yamelainika kabisa, kwa sababu uchachu huyafanya yakawie kuiva. Mama alituambia hivyo tukiwa wadogo, na kila mara niliyojaribu kuwahisha nyanya nimekesha na jiko.

Yakiiva nayapoza, nayagawa kwenye vyombo vinne pamoja na supu yake. Viwili vinakaa kwenye friji mpaka Jumanne au Jumatano, viwili vinaingia friza. Usimwage supu. Ladha iko humo.

Jumatatu ni maharage ya nazi. Kaanga kitunguu, weka nyanya na karoti iliyokunwa, mimina maharage na tui jepesi, yachemke pamoja, kisha malizia na tui zito. Hapo usitoke jikoni. Toa mfuniko, punguza moto, chota kwa upawa na kurudishia mfululizo mpaka lichemke taratibu, la sivyo tui litakatika na mchuzi utabaki na chengachenga. Bibi hakukubali mtu amsemeshe akiwa kwenye tui zito. Chumvi, pilipili nzima ya kuelea juu kwa harufu, basi.

Nazi nayo inaogopwa bure. Kama una mbuzi, mkalishe mtoto akune. Wangu wanagombea kukuna kwa sababu wanaokota vipande njiani. Siku nimechoka nabandua nyama ya nazi, nakatakata, nasaga kwenye blenda na maji ya uvuguvugu, nachuja kwa kifumbu. Kikombe cha kwanza ndicho tui zito, ukirudia kuongeza maji unapata jepesi. Tui la kopo linafaa pia, ila kwa wali nasikia tofauti na sijaizoea.

Makande yanahitaji ujipange, kwa sababu mahindi yaliyokobolewa ni magumu kuliko maharage. Yaloweke usiku kucha, yatangulie jikoni peke yake, maharage yafuate mahindi yakianza kupasuka. Napima vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharage. Kama tayari una maharage kwenye friji, chemsha mahindi tu, changanya, unga kwa kitunguu, karoti na tui. Watu wa Same hawaweki nazi, na makande yao ni matamu vilevile, hasa na parachichi pembeni. Nikipika namna hiyo mama hunyamaza akala sahani mbili.

Mihogo ya nazi ndiyo rahisi kuliko vyote. Menya, pasua, toa ule uzi wa katikati, chemsha mpaka ilainike kabisa, mwaga maji, mimina tui na chumvi. Nunua iliyochimbwa karibuni. Baada ya siku mbili tatu huanza kuwa na michirizi myeusi ndani. Ukionja ikawa michungu, itupe yote, usiwaonee watoto huruma ya bei. Uchungu huo ni dalili ya sumu.

Neno moja kuhusu kiporo, maana najua kila aliyelelewa huku anakipenda. Wali wa jana na maharage, umepashwa kwenye sufuria mpaka chini ukashika kidogo, na chai ya rangi: hiyo ndiyo asubuhi yangu ya utotoni. Zamani ulilala jikoni umefunikwa kawa. Mimi sifanyi tena hivyo. Wali ukilala nje kwenye joto la Dar unaota vijidudu vinavyoacha sumu, na kuupasha moto hakuiondoi. Sasa tukimaliza kula natandaza uliobaki kwenye sinia upoe haraka, na kabla saa mbili hazijapita uko kwenye friji. Asubuhi napasha mpaka utoe mvuke, mara moja tu. Vyenye nazi nanusa kwanza. Tui huchacha upesi.

Kama unaanza, usianze na vyote. Jaribu maharage peke yake wiki mbili, uone jioni zako zinavyobadilika. Na mpigie simu mama yako, au shangazi, au yeyote aliyekulisha ukiwa mdogo, umuulize alikuwa anatia nini. Mimi nilipouliza ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa anasaga tangawizi kidogo kwenye makande. Miaka yote nilidhani ni pilipili manga.

Jumapili iliyopita mwanangu mkubwa, wa kidato cha pili, aliloweka maharage bila kutumwa. Nilikuta beseni limefunikwa, na karatasi juu yake: "Mama, Jumatano ni makande, tafadhali."