Maswali ya Wasomaji: Tumeipenda nyumba ya Symi, tutoe arubuni?

*Shikamoo Bi. Mimi mzaliwa wa Mombasa, ni muuguzi Leicester, na pasi yangu ni ya Uingereza. Mwezi wa sita mimi na mume wangu tulikwenda kisiwa cha Symi, Ugiriki. Kijiji cha juu, Chorio, tumeona nyumba kuukuu isiyo na paa, ila kuta ni nzima na bandari yote unaiona chini. Bei ni euro 70,000. Dalali anasema wenyewe ni mabinamu, wana haraka, tutoe arubuni ya asilimia 10 kabla ya mwezi kwisha. Tufanyeje?*

Marahaba mwanangu. Msitoe kitu bado. Sikukatazi kununua. Mimi naishi Rhodes, jirani na hiyo Symi, na kazi yangu ni kuwakalimania wageni mbele ya notari, yaani mwanasheria anayethibitisha mkataba, siku ya kutia saini. Nyumba hizo nazipenda, na ndiyo maana sitaki uingie na pesa zako za zamu za usiku bila kujua.

Anza na pasi yako, kwa sababu hilo naona dalali hakukutajia. Symi imo katika visiwa vya Dodecanese, uso kwa uso na Uturuki, na sheria ya Ugiriki ya 1990 inavihesabu visiwa hivyo kuwa eneo la mpakani. Raia wa Umoja wa Ulaya ananunua bila kuulizwa. Uingereza ilishatoka, kwa hiyo wewe na mumeo mnahitaji kibali cha serikali kabla ya mkataba. Watu wanakipata, lakini kinataka subira. Arubuni ukiitoa leo bila kuandikiwa kwamba kibali kikikataliwa unarudishiwa, jua umeiweka rehani. Sharti hilo aliandike mwanasheria wako mwenyewe, si wa dalali wala wa muuzaji. Huyo huyo atakutolea namba ya mlipakodi, maana bila hiyo hununui hata kibanda.

Sasa hao mabinamu. Symi ilitajirika karne ya 19 kwa sifongo ambazo wazamiaji wake walizitoa chini ya bahari, na utajiri huo ndio uliojenga zile nyumba za manjano na za rangi ya udongo. Biashara ilipoanguka watu walitawanyika: Rhodes, Piraeus, Australia, hadi Tarpon Springs kule Florida. Nyumba ya babu mmoja leo ni ya wajukuu na vitukuu, huyu ana moja ya nane, yule moja ya ishirini na nne. Wewe mtoto wa Mombasa huhitaji kufundishwa mambo ya nyumba ya mirathi. Nimewahi kukaa mezani, wanunuzi wamevaa vizuri, hundi ya benki imo kwenye bahasha, notari anasoma majina, mara akanyamaza. Kulikuwa na dada mmoja aliyefia Melbourne, na wanawe hawajawahi kuupokea urithi kisheria. Siku hiyo hakuna aliyetia saini. Kwa hiyo mwulize dalali: mabinamu ni wangapi, wako wapi, na kila mmoja ana hati gani mkononi?

Halafu tafuteni mhandisi wenu. Kwa sheria ya 2017, nyumba haihamishwi bila cheti cha mhandisi kwamba ilivyo ndivyo ilivyoidhinishwa. Kibaraza au choo kilichoongezwa kienyeji kinaweza kuhalalishwa kwa faini kama kilijengwa kabla ya tarehe 28 Julai 2011. Cha baada ya hapo kitawasumbua.

Kuhusu paa: Symi kijiji kizima kimehifadhiwa, kwa hiyo umbo, madirisha na hata rangi ya ukuta vinahitaji idhini. Na Chorio unapanda kwa ngazi, ile njia ya Kali Strata. Gari halifiki kwenye vichochoro, kila mfuko wa saruji na kila boriti hupandishwa kwa punda, nyumbu au mgongo wa mtu, na unalipia. Mkubali fundi wa kisiwani hata kama ni ghali, kwa kuwa anajua birika la maji ya mvua liko wapi na ukuta upi umebeba nyumba. Juu ya bei ongezeni kodi ya uhamisho, ambayo ni asilimia 3 na kidogo, kisha notari, mwanasheria na mhandisi. Mimi huwaambia watu watenge asilimia 10 nzima, mbali na ujenzi.

Na kabla ya yote hayo, rudini Februari. Mliiona Symi ya Juni. Februari mikahawa mingi imefungwa, nyumba za mawe zina unyevu, na upepo ukizidi boti hazitoki. Kisiwa hakina hospitali, mgonjwa mzito huletwa Rhodes. Wewe muuguzi, lipime hilo kwa jicho la kazi yako. Kumbuka pia kwamba nyumba haikupi ukaazi: kwa pasi yako ni siku 90 katika kila 180.

*Bi, nimesikia ukinunua nyumba ya euro 250,000 Ugiriki unapewa ukaazi. Kisiwa chochote? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Hizo ni habari za zamani, ndugu yangu. Tangu 2024 kiwango ni euro 800,000 Mykonos, Santorini na kila kisiwa chenye wakazi zaidi ya 3,100, na 400,000 visiwa vingine, kwa nyumba moja isiyopungua mita za mraba 120. Zile 250,000 zimebaki kwa anayegeuza jengo la biashara kuwa makazi au anayekarabati jengo la urithi. Nyumba hiyo huruhusiwi kuipangisha kwa wageni wa siku chache, na ukaazi wenyewe haukupi ruhusa ya kuajiriwa. Anayekutajia 250,000 bila maelezo hayo, usimpe nakala ya pasi yako.

*Sisi hatununui, tunataka kutembea tu na watoto. Kijiji gani kisicho na msongamano wa Santorini? (Mama wawili, Muscat)*

Nendeni kisiwa cha Chios, dada. Kijiji cha Pyrgi kuta zote zimechorwa nakshi za pembe na miraba, wanakwangua chokaa nyeupe mpaka rangi ya giza ya chini itokeze. Kijiji cha Mesta kilijengwa kama ngome dhidi ya maharamia, na watoto watafurahi kupotea humo. Vijiji hivyo vinaishi kwa utomvu wa mastiki, mti ambao wanauchanja kiangazi. Nendeni Mei au mwisho wa Septemba. Epukeni katikati ya Agosti, sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15 hujaza kila chumba. Mkirudi kwa boti, msikate tiketi ya ndege ya siku hiyo hiyo, upepo hauna ratiba.