Baiskeli wakati wa theluji

Dada, umeuliza ufanyeje usipoteze pumzi uliyoijenga kiangazi, sasa theluji imeshaanguka Minneapolis. Usiiweke baiskeli stoo. Siku 2 kwa wiki fanyia ndani, gurudumu la nyuma likiwa kwenye stendi ya mazoezi: pasha mwili dakika 10, kisha kazana dakika 4, legeza 3, mara 5. Washa feni hata kama nje kumeganda, maana ndani hakuna upepo wa kukupoza na joto litakuchosha mapema. Jumamosi toka, njia ya baiskeli ya Midtown Greenway huondolewa theluji. Linda vidole na baridi kuliko chochote. Ukirudi, futa cheni na uipake mafuta siku hiyohiyo. Chumvi ya barabarani iliila yangu kwa msimu mmoja tu.