Wasomaji Wanauliza: Mkaguzi wa Hataza Amekataa Madai Yangu, Je, Nizungumze Naye?

Maswali ya safari hii yote yanahusu maombi ya hataza (haki ya kipekee ya mvumbuzi) nchini Marekani, katika USPTO, ofisi ya hataza na alama za biashara ya nchi hiyo. Huko mwombaji anaruhusiwa kuzungumza na mkaguzi wake, yaani afisa anayelichunguza ombi, ana kwa ana, kwa simu au kwa video kabla ya kujibu barua ya kukataliwa.

Ndugu mhariri, nimepokea barua inayokataa madai yangu yote, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya uvumbuzi ninaotaka ulindwe. Ombi niliandika mwenyewe, sina wakili. Niombe mazungumzo lini, na naombaje?

Ndugu msomaji, omba mapema, ikiwezekana ndani ya mwezi wa kwanza. Mazungumzo hayana ada. Kwenye tovuti ya USPTO kuna fomu ya kuyaomba, na mwishoni mwa barua yako kuna jina na namba ya simu ya mkaguzi. Kwa kuwa huna wakili, wewe ndiye utakayezungumza naye. Mwenye wakili huzungumza kupitia wakili wake, ingawa mvumbuzi anaweza kukaa naye kikaoni. Ikiwa mwenye ombi ni kampuni, lazima iwakilishwe na wakili au ajenti aliyesajiliwa.

Sasa zingatia hili, maana ndilo linalowapotezea watu maombi yao: kikao hakisimamishi saa. Kwa kawaida barua hutoa miezi 3 ya kujibu, na kwa kulipa ada unaweza kusogeza hadi itimie miezi 6 tangu tarehe ya barua, basi. Baada ya hapo ombi huhesabiwa kuwa limetelekezwa. Mtu huzungumza na mkaguzi vizuri, wakaelewana, akakaa kungoja barua ya kukubaliwa, kumbe yeye ndiye anayengojwa. Makubaliano ya mdomo si jibu. Jibu ni la maandishi.

Ukiomba mazungumzo kabla hata barua ya kwanza haijatoka, kwa kawaida hutapewa, isipokuwa ombi lako ni mwendelezo wa ombi la awali au mkaguzi mwenyewe ameona kikao kitaharakisha kazi.

Nitume nini kabla ya kikao? Nina michoro, video ya mashine ikifanya kazi, na barua za wateja wanaoisifu.

Barua za wateja ziweke kando kwanza. Zina mahali pake, kama ushahidi wa kiapo dhidi ya hoja ya udhahiri (kwamba fundi yeyote angeufikia uvumbuzi huo), lakini katika kikao cha karibu nusu saa zitakula muda. Tuma ukurasa 1, ukizidi sana 2: namba ya ombi, madai mnayotaka kujadili, hati za zamani alizozitumia mkaguzi, hoja yako 1 au 2, na rasimu ya dai lililorekebishwa. Rasimu ndiyo moyo wa karatasi hiyo. Bila rasimu mkaguzi hana cha kukubali, atasikiliza kwa adabu na kusema atalifikiria jibu lako likifika.

Tuchukue mfano. Dai linasema: chombo chenye kifuniko, mpira wa kuzibia, na springi inayosukuma kifuniko. Mkaguzi amepata hati moja yenye kifuniko kinachosukumwa na springi, na nyingine yenye mpira wa kuzibia, akasema fundi yeyote angeziunganisha. Mvumbuzi anaingia kikaoni akieleza kwa dakika 20 kwamba katika chombo chake springi hunyanyua mpira kwanza, ndipo kifuniko kizunguke, kwa hiyo mpira hausuguliwi wala hauchakai. Maelezo ni ya kweli na uvumbuzi ni mzuri. Shida ni kwamba dai halisemi hivyo. Mkaguzi hupima maneno ya dai, tena kwa maana pana kadiri inavyokubalika. Kilicho kwenye mchoro lakini hakimo kwenye dai hakikuokoi.

Rasimu ya dai hilo ingeongeza: "springi iliyopangwa ili kunyanyua mpira kutoka ukingo wa chombo kabla kifuniko hakijaanza kuzunguka". Kando yake andika namba ya aya katika maelezo yako ya awali panaposema hivyo, kwa sababu huruhusiwi kuingiza jambo jipya baada ya tarehe ya kuwasilisha ombi. Kisha toa sababu ya kwa nini hati zile mbili hazifiki hapo. Tuseme katika hati ya pili mpira umegundishwa kwenye ukingo. Ukiufunga kwenye springi ya hati ya kwanza, utachanika. Hoja ya namna hiyo, inayotoka ndani ya hati zenyewe, ina uzito kuliko kurasa tano za kusema uvumbuzi wako ni bora.

Ushauri mmoja wa mkakati: tuma rasimu pana kadiri unavyoweza kuitetea kwa dhati. Rasimu finyu zaidi iwe tayari mkononi mwako, usiitume. Ukituma zote mbili, mazungumzo yataanzia kwenye ile finyu. Andika juu ya karatasi kwamba ni rasimu kwa majadiliano tu, si ya kuingizwa kwenye ombi, na ujue kwamba hata hivyo itahifadhiwa kwenye jalada. Ukitaka mkaguzi akujibu kwa baruapepe, wasilisha kwanza idhini ya maandishi ya mawasiliano ya intaneti. Ofisi ina fomu yake, namba PTO/SB/439. Video ya mashine, ikiwa inaonyesha kile hasa kilichoandikwa kwenye dai, onyesha kwa dakika moja.

Mkaguzi akishikilia msimamo wake nifanyeje? Nibishane?

Uliza. "Katika hati hii, ni kipande kipi unachokisoma kuwa springi ya dai langu?" Mara nyingi jibu linafunua kwamba neno moja mnalielewa tofauti, na dawa ni kulibana neno hilo. Kisha: "Dai likisomeka kama kwenye rasimu, linaziepuka hati hizi mbili?" Akisema ndiyo lakini lazima atafute upya, hajakukwepa. Dai likibadilika, utafutaji nao hubadilika, na kila makubaliano hutegemea matokeo yake. Akisema hapana, muulize kinachokosekana, kisha nyamaza aseme.

Usimwambie kwamba ofisi iliwahi kumpa mwingine hataza dhaifu kuliko yako. Kila ombi hupimwa lenyewe, na mkaguzi haruhusiwi kutoa maoni juu ya uhalali wa hataza iliyokwisha kutolewa.

Angalia pia sahihi mwishoni mwa barua. Ikiwa mkaguzi wako bado hana mamlaka kamili ya kutia sahihi, omba tangu mwanzo msimamizi wake awepo kikaoni. Vinginevyo mnaweza kukubaliana na mtu asiye na uwezo wa kukubali.

Kasoro za lugha ya dai, kama neno lisiloeleweka, humalizika kikaoni haraka. Ikiwa kilichobaki ni kidogo, mkaguzi anaweza kufanya marekebisho mwenyewe kwa idhini yako na kutoa barua ya kukubali moja kwa moja.

Barua yangu ya pili imeandikwa kuwa ni ya mwisho. Bado naweza kuomba kikao?

Kwa kawaida hupewa kimoja, ukieleza kwa ufupi lengo lake. Safari hii marekebisho hayapokelewi kama haki yako. Yakihitaji utafutaji mpya, mkaguzi anaweza kuyakataa. Mpango wa majaribio uliowapa wakaguzi muda wa ziada kwa marekebisho ya hatua hii ulifungwa tarehe 14 Desemba 2024, hivyo ushauri wa zamani unaoutegemea haufai tena. Tumia kikao kuamua njia: dai lisogezwe kidogo likubaliwe, ulipie ombi la kuendelea kuchunguzwa, au ukate rufaa. Jibu ndani ya miezi 2 tangu tarehe ya barua ikiwezekana, maana ofisi ikichelewa kukujibu, ada ya kuongeza muda hupungua.

Nikisema jambo kikaoni, linaweza kunidhuru baadaye?

Ndiyo. Tangu hukumu ya mwaka 2002 katika kesi ya kampuni ya Festo, kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani, ukilibana dai ili upate hataza, hudhaniwa kwamba uliachia eneo lililobaki nje, na mshindani anaweza kulitumia hilo mahakamani. Hoja zako zilizoandikwa husomwa vivyo hivyo. Kwa hiyo sema dai linachotaka, usieleze uvumbuzi wako "sio" nini zaidi ya inavyohitajika.

Baada ya kikao mkaguzi huweka muhtasari kwenye jalada. Usome siku unapofika. Nawe una wajibu wa kuandika wako ndani ya jibu lako: vielelezo vilivyoonyeshwa, madai na hati zilizojadiliwa, marekebisho yaliyopendekezwa, hoja kuu za kila upande, na matokeo. Kama jibu lilishatumwa kabla ya kikao, una mwezi 1 au siku 30, ule ulio mrefu zaidi, na muda huo hauongezwi kwa ada. Ukiona muhtasari wa mkaguzi unasema ulikubali jambo ambalo hukulikubali, lisahihishe papo hapo kwa maandishi, kwa sentensi mbili tatu zisizo na hasira.