Tumbili anapokukonyeza

Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu, anayeishi Ipagala, Dodoma, alinitumia picha WhatsApp: katoto ka tumbili kamejikunja ndani ya kofia yake, yanaonekana macho tu. Alikanunua kwa vijana kando ya barabara, shilingi 30,000. "Shikamoo shangazi. Kamefiwa na mama yake, nimekaokoa."

Nilimpigia saa ileile.

Kamefiwa, sawa, lakini nani kamuua huyo mama? Mama tumbili hamwachi mwanawe, anatembea naye kamng'ang'ania tumboni. Ukitaka mtoto lazima mama afe kwanza, na mara nyingine kazi hiyo hufanywa na mbwa. Kwa hiyo ile elfu thelathini haijaokoa kitu, imewapa wale vijana sababu ya kurudi porini kesho.

Haya nayajua kwa sababu nyumbani kwetu Chang'ombe ya Dodoma tulikuwa naye wetu (wengine mnamwita ngedere). Rafiki wa baba alimleta kutoka shambani, nasi tukamwita Bosi kwa vile alivyopenda kukalia kiti cha baba. Mwaka wa kwanza hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Alikunywa maziwa kwa chupa ya mdogo wetu wa mwisho. Jioni alinipanda begani na kunichambua nywele kwa vile vidole vyake vyeusi, vyembamba, vyenye kucha kama za mtu. Akipata kigaga anakikwangua, anakionja, anaendelea. Mimi nasinzia.

Alipokua, meno ya pembeni yakarefuka. Akaanza kunyonyoa kuku, akamkwaruza mama aliyetaka kumnyang'anya mwiko, na baba akamfunga mnyororo kiunoni, kwenye mwarobaini. Alizunguka pale mpaka ardhi ikawa duara jeupe na gome la mti likalika.

Hapo ndipo alipoanza kukonyeza. Mtu akisogea, Bosi anamkazia macho, anainua nyusi, na kope zake nyeupe zinaonekana. Watoto wa mtaa walikuja baada ya shule kukonyezwa. Tulicheka, tukamtupia karanga. Miaka mingi baadaye askari mmoja wa wanyamapori kule Kondoa ndiye aliyenieleza kwamba tumbili akikufanyia hivyo anakutisha, anakuambia kaa mbali. Yaani muda wote ule mnyama alikuwa anatuonya, nasi tunamshangilia.

Binamu yangu alikuwa na miaka 6. Alisogea na hindi la kuchoma mkononi, Bosi akamkonyeza. Nilikuwa napepeta mchele. Nilisikia mnyororo, kisha ukelele. Mashimo manne chini ya kiwiko, moja limefika ndani kabisa. Bibi alikuja na chumvi, jirani na mafuta ya taa. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, ikabidi tuzunguke hadi kesho yake. Kidole chake cha mwisho mpaka leo hakikunjiki sawasawa, na yeye sasa ni baba wa watoto watatu.

Kwa hiyo, kama umeng'atwa au hata kukwaruzwa, achana na chumvi na mafuta ya taa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Kuna watakaosema tatizo letu lilikuwa ni kutojua, kwamba mtaalamu angeweza. Roy Horn, mwanamazingaombwe aliyefanya maonyesho na wanyama wakali, alikuwa mtaalamu. Chui milia aliyemvamia jukwaani Las Vegas mwaka 2003, mbele ya watazamaji, alikuwa amefanya naye maonyesho kwa miaka. Mwaka 1994 kule Honolulu, tembo wa sarakasi aitwaye Tyke alimuua mkufunzi wake, akatoka mbio barabarani, na polisi wakammiminia risasi. Mbwa amekaa na binadamu zaidi ya miaka 10,000. Tumbili wako amekaa nawe tangu Jumapili, na kukuzoea si kufugika. Nawaona pia wanaojivika chatu shingoni kwenye sherehe ili wapigwe picha. Chatu anaua kwa kubana, na wao wamemwekea shingo tayari.

Halafu kuna sheria. Wanyamapori ni mali ya umma, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kukaa na mmoja bila kibali ni kosa. "Nilimwokoa" hakukusaidii mahakamani. Pigia simu TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), au nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri ukajieleze mapema, mnyama akiwa bado mdogo.

Usifanye alivyofanya baba. Alimtia Bosi kwenye kikapu, akampakia kwenye baiskeli na kwenda kumwachia vichakani upande wa Hombolo, akiamini anamrudisha kwao. Bosi hakuwa na kwao. Kundi la tumbili halimpokei mgeni hivihivi, naye chakula alichokijua kilitoka sufuriani. Siku chache baadaye tulisikia kwamba aliingia kwenye boma la watu, akakaa mlangoni kanyoosha mkono. Wakadhani ana kichaa, wakampiga kwa mpini wa jembe. Aliyetuletea habari alimtambua kwa manyoya yaliyonyonyoka kiunoni, palipokuwa na mnyororo.

Nilimwambia kijana yote hayo. Alinyamaza kidogo, akasema nimeeleweka, Jumatatu atakapeleka. Jumatano akanitumia video ya sekunde kumi. "Shangazi, cheki kalivyo kapole. Kameanza kunikonyeza."